Darubini ya Musawo

Musawo alitembea maisha yake yote akiangalia chini. Nikimfikiria, ndicho ninachokiona kwanza: kichwa kimeinama, tochi mkononi, macho njiani. Wakunga wa zamani wa hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Congo, walifundishwa hivyo na njia zenyewe. Ukiitwa kwenda kuzalisha mlimani baada ya giza kuingia, huna nafasi ya mbingu. Unatafuta jiwe, mfereji, nyoka, na ng'ombe aliyeamua kulala katikati ya njia. Alipostaafu hospitalini aliniambia kwamba amepita chini ya nyota miaka yote hiyo na hakuna hata moja anayoifahamu. Aliyasema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Tulimwita Musawo, kama Uganda nzima inavyomwita yeyote anayeshika sindano, awe daktari au muuguzi. Jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja halitakusaidia. Kwetu Wakonzo, na kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo ya mpaka, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza lake, wa pili lake, hata kabla baba hajamwona. Yeye alikuwa binti wa pili. Ukisimama sokoni ukaliita jina la binti wa pili, nusu ya wauza nyanya watageuka, na mmoja atakuuliza una shida gani naye.

Mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda karibu na stendi ya boda boda. Yeye ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na hakuacha kunikumbusha. "Mimi njo nilikushika ya kwanza, mbele ya mama yako," alikuwa akisema kila alipotaka kazi ifanyike leo na si kesho, kwa Kiswahili chetu cha mpakani ambacho ndiye ni njo na kabla ni mbele. Utambishia nini mtu wa namna hiyo? Niliacha mengi mezani nikamfuata, huku nanung'unika.

Alikuwa mtu wa amri fupi. Amri yake kubwa ilikuwa "Osha mikono." Aliitoa kwa kila aliyeingia uani kwake: kwa padri, kwa muuza mkaa, kwangu mimi niliyeleta redio niliyokuwa nimeitengeneza mwenyewe. Hakuuliza umeshika nini. Beseni lilikuwa pale mlangoni, na kipande cha sabuni kwenye kifuniko cha kopo. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nasita mlangoni, natafuta beseni.

Alikuwa pia mtu wa sala na matusi. Rozari yake ilianza saa mbili kamili usiku, baada ya kulinganisha saa yake na redio, na ilipokwisha aliwatukana mbuzi wa jirani kwa maneno ambayo sitayaandika. Saa yenyewe ilikuwa ile ndogo ya wauguzi, inayobanwa kifuani ikaning'inia kichwa chini ili aisome mwenyewe tu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mimi fundi.

Kuhusu ukweli, sikuwahi kumwelewa. Wodini alikuwa mwongo wa kupindukia. Mwanamke akiwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, Musawo angemwambia, "Bado kidogo tu, mama, naona nywele," na hapakuwa na nywele wala kichwa. Mama yangu anasema alionwa nywele zangu kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, nami nikazaliwa na upara. Lakini nje ya wodi, uongo ulimtia kichefuchefu. Aliwahi kuulizwa harusini kama chapati ni nzuri, akajibu mbele ya bibi harusi kwamba ni ngumu. Nilimuuliza siku moja tofauti iko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza tofauti ya maji na mafuta ya taa, akaendelea kumenya parachichi lake na kulinyunyizia chumvi ya Katwe.

Sasa nifike kwa Yaya. Ng'ambo wanamwita yaya ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na Yaya wa Musawo, binti wa kwanza, alikuwa mwalimu mstaafu huko Butembo, upande wa Congo. Butembo si mbali. Zamani ulivuka daraja la mpakani pale Mpondwe asubuhi ukanywa chai ya jioni kwa ndugu zako. Lakini njia ile imekuwa ya bunduki. Magari yamechomwa, na wapo walioondoka wasifike. Watoto wa Musawo walimkataza katakata kusafiri. Yaya alikatazwa na miguu yake. Walikuwa hawajaonana kwa muda mrefu hivi kwamba kila mmoja alimkumbuka mwenzake akiwa na meno yote.

Waliongea kwa simu Jumapili mchana, baada ya misa, kwa sababu usiku mtandao wa kwa Yaya ulikuwa ukikatika. Musawo alikuja kuongelea kibandani kwangu, simu juu ya meza, spika imefunguliwa mpaka mwisho, na watu wa boda wakisikiliza bila aibu. Ndiyo maana najua walichokubaliana. Yaya alikuwa na darubini. Padri mzee mmoja, alipokuwa anarudi kwao, aliiachia shule, na shule ikamwachia Yaya kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuigeuza.

"Banasema milima haikutani, lakini batu banakutana," Yaya alisema Jumapili ile. "Siye tumeshindwa. Basi tukutane kule juu. Saa mbili ya usiku, mimi nitaangalia ile nyota iko na pete. Na wewe uangalie. Tukiona kintu kimoja, ni kama tumeonana."

"Sina darubini, Yaya."

"Utafute. Mimi sitakuwa hapa siku zote."

Musawo alikata simu, akakifuta kioo chake kwa kitenge. Kisha akanigeukia. "Nataka nione kile Yaya anaona, mbele mumoja wetu aende," akasema. "Ni kile tu. Unitafutie darubini. Isikuwe ya batajiri." Ndivyo nilivyoingizwa katika mambo ya mbinguni, mimi ambaye sikujua hata mwezi unatokea upande gani.

Nilianza kusoma kwenye simu, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mmoja anasema anayeanza asinunue darubini, aanze na ile ya macho mawili. Mwingine anasema ya macho mawili ni ya kutazamia viboko pale Katunguru. Huyu anataka lenzi, yule anataka kioo. Huyu anasifu kukuza mara nyingi, yule anasema kukuza mara nyingi ni ulaghai wa maduka. Wote walikuwa na hakika, na wote walitukanana. Nilisoma mpaka macho yakaniuma, nikajikuta najua kidogo kuliko siku niliyoanza. Musawo alinipa wiki nzima, kisha akasema hata uchungu mrefu wa kuzaa huisha kabla ya hapo.

Tukaenda Kasese mjini. Katika duka moja la taa za jua na midoli tukaikuta, ndani ya boksi lenye picha ya nyota yenye pete, kubwa, ya rangi ya dhahabu. "Hii inavuta mara mia tano, mama," muuzaji akasema. "Inaona mpaka kwa malaika." Mimi nilikuwa bado natafuta upana wa lenzi ulioandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi. Musawo alishaweka kidole kwenye picha. "Si pete hii hapa?" Mwenye macho haambiwi tazama, nikaacha kusoma. Bei yake ilikuwa ya mbuzi mmoja mnono, nasi tukarudi nayo Bwera tukishikilia boksi kama jeneza la mtoto wa kifalme.

Niseme mapema: ile darubini ilikuwa takataka. Miguu yake mitatu ilikuwa myembamba kama ya wale korongo wa jalalani. Ukiigusa, nyota inaruka. Usipoigusa, upepo wa mlimani unaigusa kwa niaba yako. "Inatetemeka kama baba wa mutoto ya kwanza," Musawo akasema. Lakini tulifanikiwa kuukamata mwezi, na hapo alinishinda. Mwezi ulionekana kichwa chini. Niliogopa, nilidhani nimeifunga vibaya, nikaanza kuifungua. Akanipiga kofi mkononi. "Acha. Kichwa chini njo njia. Ingekuja matako mbele, hapo ningeogopa." Baadaye nilisoma kwamba darubini nyingi hugeuza picha hivyo, na haina ubaya.

Lakini pete haikuja. Kila Jumapili Yaya alitoa maelekezo, naye aliyatoa kama mwalimu: angalia upande wa magharibi, nyoosha mkono, pima shibiri moja juu ya milima, utaona nyota ya rangi ya maziwa yaliyolala, isiyopepesa. Saa mbili. Sisi wa mpakani tunajua kwamba Congo iko nyuma yetu kwa saa moja. Hata mtoto anayetumwa kununua sabuni Kasindi, ng'ambo ya daraja, analijua hilo. Kwa hiyo saa mbili ya Yaya ilikuwa saa tatu yetu. Musawo alimaliza rozari, akatukana mbuzi, akasubiri, na saa tatu kamili, saa ya kifuani mkononi na mimi nimesimama pembeni, akanyoosha mkono juu ya mikaratusi ya jirani, akapima shibiri.

Palikuwa na nyota pale. Sikatai. Tuliikamata, tukaivuta, tukaivuta tena. Ilibaki nukta. Nyota ile ilikuwa nukta siku ya kwanza na ikawa nukta mpaka mvua zilipoanza.

"Yaya anaona pete. Mimi naona kitobo cha sindano," Musawo aliniambia. "Juu ya nini, sababu gani?"

Nilisema labda darubini yake ni kubwa. Nilisema labda lenzi yetu ina ukungu. Nikaweka kwenye simu yangu ile programu ya kuonyesha nyota, nikaielekeza mbinguni, ikaniambia kwamba Zohali, ndilo jina la ile ya pete vitabuni, imeshashuka, iko nyuma ya mikaratusi. Nikamwambia. Angeweza kunipiga.

"Simu yako inamujua Yaya?"

"Hapana, Musawo."

"Yaya anaiona saa hii, shibiri moja juu. Yaya haongopi. Basi simu yako njo inaongopa."

Na kweli, dakika chache baadaye simu hiyohiyo iliniambia mwezi uko chini ya miguu yangu, wakati mwezi wenyewe ulikuwa ukinimulika usoni. Nikaifuta ile programu. Sikujua tena nimwamini nani.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakumdanganya dada yake. Ingekuwa rahisi: Ndiyo, Yaya, nimeiona, ni nzuri. Yaya angefurahi, na mimi ningelala. Nilimshauri hivyo, tena kwa sauti ya upole. "Wodini ulikuwa unaona nywele," nikamwambia.

"Wodini mutoto alikuwa anakuja," akajibu, akiuita uongo bongo kama watu wa ng'ambo. "Nilisema bongo lakini mutoto alikuwa njiani. Hapa hakuna kintu njiani. Sitamuambia Yaya bongo."

Basi kila Jumapili alimwambia ukweli, kwamba hajaona. Na kila Jumapili nilisikia Yaya akisema haidhuru kwa sauti ya mtu inayemdhuru. Watu wa boda waliokuwa wakicheka mwanzoni wakaacha kucheka.

Mwaka uliofuata, kabla kiangazi hakijaanza, Musawo aliingia kibandani akiwa na kile kipembe cha mbao ambacho wakunga huweka juu ya tumbo la mama mjamzito na kusikiliza moyo wa mtoto. Alikiweka mezani kwangu kwa kishindo.

"Hii inapiga kelele?"

"Hapana."

"Inafanya moyo ya mutoto ikuwe kubwa?"

"Nadhani hapana."

"Iko na mudomo mupana. Inaokota sauti. Na ukisikiliza, mukono haugusi, inatulia yenyewe. Ile ya Kasese ni kelele tu. Nitafutie ya mudomo mupana, fupi, yenye kutulia. Na nyepesi, sababu mimi si kijana."

Nikarudi kwenye yale mabishano ya kwenye simu, na safari hii nilijua cha kutafuta. Upana wa mdomo kwanza. Kitako kizito kisichocheza. Kukuza baadaye. Ilipatikana Kampala, kwa mtu aliyekuwa akiiuza baada ya kuitumia: ya kioo, fupi na nene, inayokaa juu ya kigoda na kuzunguka kama sufuria kwenye mafiga. Ilikuwa ghali kuliko ile ya kwanza, lakini si sana, na Musawo aliuza ile ya kwanza kwa mwalimu mmoja baada ya kumweleza kasoro zake zote. Mwalimu akainunua hivyohivyo, kwa sababu ya picha ya boksi.

Ilitumwa kwa basi. Muuzaji, kwa adabu zake, hakuandika Musawo. Aliandika jina alilolikuta kwenye malipo, jina la binti wa pili, na chini yake Bwera. Tulipofika ofisi ya basi karani alitutazama kwa huruma. "Nnyabo, mama, hiyo jina bamama iko mingi. Moja alishakuja, akachukua." Tulimfuatilia siku nzima na pikipiki. Tulimkuta Mpondwe, mama mpole kabisa, binti wa pili wa watu wengine, ameiweka mezani na anaizungusha akitafuta waya wa umeme. Mwanawe alikuwa amemwahidi sufuria ya umeme kutoka Kampala. Musawo alimuuliza kwanza kama ameosha mikono.

Sitasahau jioni ya kwanza ya ile darubini. Mwezi ulikuwa na mashimo na milima, na ukingo wake ulikuwa mkali kama bati jipya. Ile kubwa nyeupe iliyokuwa juu ya paa la kanisa, Mshtarii, ilikuwa na vinyota vinne vimejipanga ubavuni, nikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua fundi wa simu anaweza kuwa nayo. Musawo aliangalia yote, mikono nyuma, jicho tu, kama anavyosikiliza tumbo.

"Muzuri," akasema. "Sasa pete iko wapi?"

Saa tatu tukapima shibiri. Nukta.

Ningependa kusema nilimhurumia, na nilimhurumia, lakini pia nilikasirika. Darubini ilikuwa nzima, nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Nani alikuwa na kosa, basi? Nilianza kumshuku Yaya. Nilifikiri labda kikongwe wa watu anaona ukungu wa jicho lake mwenyewe na kuuita pete. Sikuthubutu kulisema. Na Jumapili zile sauti ya Yaya ilikuwa imeanza kukatika katikati ya sentensi. Miguu ilikuwa imemkataa kabisa, na darubini ya padri, yenye miguu mirefu ya kusimamia, watu wa nyumbani kwake walikuwa wakimshika pande mbili ili aifikie. Musawo alisikiliza na kuuma mdomo. Nilijua anachoogopa.

Ilitokea siku umeme ulipokatika mapema, nikafunga kibanda nikaenda kwake kabla ya wakati. Alikuwa katikati ya rozari. Simu ikaita. Mtandao wa kwa Yaya, Mungu anajua kwa nini, siku hiyo haukukata.

"Yaya! Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Niko nayo hapa mbele ya jicho. Iko muzuri leo. Unaiona?"

"Naona nini? Niko nasali. Saa bado."

"Bado namna gani? Si ni saa mbili yako?"

Musawo alishika saa ya kifuani. "Yangu? Yaya, mimi nafuata saa yako. Natoka saa tatu, ikuwe saa mbili kwako."

Nilisikia mtu akikohoa huko Butembo.

"Mimi nilikuwa nafuata yako," Yaya akasema. "Natoka saa moja. Nilisema wewe njo uko mbali na kwetu, nisikusumbue."

"Na mimi nilisema wewe njo mukubwa."

Mtu wa Kampala asingeweza kukosea hivyo. Ni sisi wa mpakani, tunaojua saa zote mbili, na tuliofundishwa kwamba anayempenda mwenzake ndiye anayehama. Kila mmoja alihamia saa ya mwenzake, wakapishana njiani. Walipishana mwaka mzima, na katika ile saa iliyobaki katikati nyota ilishuka nyuma ya mikaratusi, na tukapima shibiri juu ya nyota isiyohusika. Ile programu niliyoifuta ilikuwa imesema kweli.

Nilibeba darubini na kigoda chake mpaka uani nikikimbia. Ilikuwa pale, shibiri moja juu ya miti, ya rangi ya maziwa yaliyolala, haipepesi. Nilikuwa nimeiona kila jioni nikifunga kibanda. Nikaielekeza, nikageuza kijicho mpaka ukungu ukakusanyika, na nikaiona pete. Ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ya kwenye boksi mara elfu, lakini ilikuwa pete kweli, imesimama mbali na ile nyota, na giza jembamba katikati yao. Nikamwita Musawo kwa kelele. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa kwenye beseni, anaosha mikono.

"Musawo, itashuka!"

"Haishuki kwa dakika moja," akasema, akajifuta kwenye kitenge, akaja. Akaweka mikono nyuma. Akainama.

Alikaa hivyo muda mrefu. Simu ilikuwa juu ya kigoda, imefunguliwa, na tulisikia kupumua kwa Yaya.

"Yaya."

"Ee."

"Naona," Musawo akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka upande wa jicho lililofumbwa. "Si bongo. Naiona na wewe."

Kisha mtandao ukakata.

Wiki chache baadaye mwanawe wa Kasese alinipigia asubuhi. Mama ameondoka na begi, akaniambia, nimkimbilie darajani nimrudishe. Nilipanda boda mpaka Mpondwe, nikamkuta mbele ya ofisa wa forodha, dada kijana mwenye rungu mezani. Mgongoni, ndani ya kitenge, Musawo alikuwa amebeba darubini kama mtoto mchanga.

"Mama, kwa mugongo kuko nini?" ofisa akauliza.

"Ni mutoto."

Ofisa akafunua kitenge, akakutana na kioo, akaona uso wake mwenyewe umegeuka kichwa chini. Akarudi nyuma hatua moja. Musawo akafunika. "Pole pole. Kuko vumbi."

Nikamvuta kando. Nikamwambia yote niliyotumwa kusema: njia ni mbaya, watoto wanalia, Yaya mwenyewe asingependa. Nilisema kwa moyo wote, kwa sababu niliogopa kweli.

"Yaya hatoki tena kwa kitanda," akajibu. "Ile ya padri haingii mu dirisha, miguu ni mirefu. Hii inakaa kwa kigoda, karibu na mutu mwenye kulala. Na nyota inashuka kila siku, inaingia kwa jua. Nikingojea njia ikuwe muzuri, hakutakuwa nyota, hakutakuwa Yaya."

"Na wakikuzuia njiani?"

"Nitabaambia baoshe mikono."

Sikucheka. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe kwa nguvu, na nilikuwa na nguvu hizo. Akajua. Akanitazama kwa yale macho yaliyonitazama kabla ya ya mama yangu, na mkono wangu ukabaki mfukoni. Nikamwambia ofisa kwamba ni chombo cha kutazama nyota, si silaha, mimi namjua mwenyewe. Akagonga muhuri.

Nilimsindikiza mpaka nusu ya daraja. Chini yetu wanawake walikuwa wakifua mtoni, upande huu na upande ule. Akasimama. Akaifungua ile saa ya kifuani, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akavuta kifundo chake kwa kucha na kuugeuza mshale nyuma, taratibu, mzunguko mzima.

"Kwako ni saa ngapi?" akaniuliza.

Nikaangalia simu. "Saa tatu."

"Kwangu ni saa mbili," akasema, akaibana tena kifuani, akaenda.

Siku ile sikutengeneza simu ya mtu. Jioni nilifunga kibanda nikatoka nje. Nyota ilikuwa imeshuka sana, karibu kugusa mikaratusi, na sikuwa na darubini. Simu yangu ikalia wakati redio ya jirani inaanza habari za saa mbili. Ulikuwa ujumbe mfupi, na herufi zake zilionyesha mtu aliyeandika bila miwani.

"Nimefika. Yaya iko naosha mikono."